Fundi Aliyeona Haya Kutaja Bei

Nyie mafundi mnaokula supu kwangu, na nyie wake zao mnaowangoja nyumbani, hili ni lenu. Msiniulize nani kanituma. Nimejituma mwenyewe, maana mambo yote yalianzia kwenye meza yangu ya tatu, na chupa niliileta mimi kwa mikono hii.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu kabisa. Mji wetu wa Busan ulikuwa haujaamka vizuri, supu ya nguruwe inatokota, vioo vya duka vimejaa mvuke. Mafundi sita walikuwa wamekaa, kila mmoja anatia uduvi wa chumvi kwenye bakuli lake. Myong-gu alikuwa amekaa karibu na mtungi wa kimchi, kabichi yangu ya pilipili, ananitania kama kawaida yake.

"Mama mdogo, hivi vitunguu unavihesabu?"

"Ukitaka vingi kalime," nikamjibu, na nikamwongezea.

Huyu Myong-gu alikuwa fundi vigae, na nawaambia, mji huu haukuwa na wa kumfikia. Bafu alilolipiga vigae yeye, ukipitisha kucha ukutani hujui kigae hiki kimeishia wapi na kile kimeanzia wapi. Alikuwa anaishi ghorofa ya juu ya duka langu na mkewe Suk-ja na binti yao wa miaka tisa, Yun-seo. Hakuwa na tajiri mmoja wala mshahara. Alikuwa fundi wa kujitegemea, leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Akaingia Pil-do, fundi mwenzake, jitu la mabega, walijifunza kazi pamoja chini ya mwalimu mmoja. Hakusalimia mtu. Alichukua bakuli la Myong-gu, la moto vile vile, akammwagia kichwani.

Myong-gu alipiga ukelele sijapata kuusikia. Kabla hajainuka, bakuli lenyewe likamfuata. Likapasuka kwenye paji la uso.

"Laki moja na thelathini!" Pil-do anapiga kelele. "Kwa siku! Unafanya kazi kwa laki moja na thelathini!"

"Pil-do, ngoja nikueleze..."

"Jana nimeitwa na mkandarasi Chang-bae. Ananiambia, Myong-gu mwenyewe, fundi wa mafundi, anachukua won laki moja na thelathini, wewe ni nani utake laki mbili na nusu? Bei tulikubaliana humu humu, sote, na wewe ulikuwepo!"

"Mimi sikusema hiyo bei. Kaka Chang-bae ndiye hunipa. Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo, hukusema!" Ngumi. "Hukusema!" Ngumi nyingine. "Hukusema!"

Tuliwaachanisha watu watano. Meza mbili zilivunjika, na kimchi yote ya mtungi ule niliimwaga kwa sababu ya damu. Pil-do alitoka analia, na mimi mwanamume akilia hivyo baada ya kupiga mwenzake huwa namhurumia, Mungu anisamehe.

Sasa mtasema, fundi mzuri namna ile aliingiaje kwenye bei ya kitoto namna ile? Ngojeni niwaambie, na mtajiona nyie wenyewe.

Miaka miwili kabla ya hapo Chang-bae, mkandarasi huyo, mtu wa viatu vinavyong'aa, alikaa na Myong-gu meza ya tatu baada ya kazi. Wakanywa. Chang-bae akamuuliza anachouliza kila mmoja wenu akishapata glasi ya pili: "Umezaliwa mwaka gani?" Myong-gu akataja. "Eh! Basi mimi nimekutangulia miaka tisa. Kuanzia leo acha mambo ya bosi. Niite kaka."

Myong-gu hakuwa na kaka. Alikulia kwa bibi, hana baba, hana ndugu wa kumtuma dukani. Alimmiminia pombe kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni kwa heshima, akanywa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Duka zima likapiga makofi, na mimi, mpumbavu mkubwa, nikaleta chupa ya bure.

Tangu hapo bei ikafa. Kwetu utamuuliza kaka yako mkubwa, "Unanilipa ngapi?" Utamuuliza kwa mdomo gani? Akimaliza kazi anapewa bahasha, anaipokea kwa mikono miwili, anainama, haifungui mbele yake. Bahasha ya kwanza ilikuwa nene. Ya pili ikapungua. Ya kumi ilikuwa laki moja na thelathini kwa siku, na Myong-gu akiifungua ngazini hapo juu anajiambia, kaka amebanwa mwezi huu. Kumbe kaka alikuwa anaichukua bei ile anawakaba nayo wenzake mmoja mmoja.

Jioni ya siku ile ya bakuli niliwasikia juu. Dari yangu ni nyembamba, na masikio yangu hayajazeeka.

"Baba Yun-seo, nani kakufanya hivi?"

"Nimeanguka."

"Umeangukia ngumi?"

Hapo Suk-ja akaanza, na mwanamke yule akianza hamung'unyi maneno. "Pil-do ana haki. Kesho nenda kwa Chang-bae, mwambie bei yako."

"Yule ni kaka yangu."

"Kaka! Sikukuu ya mavuno mwaka jana alikualika kwake? Uliposhikwa na mapafu alikuja hospitali? Muulize mwanao anaitwa nani, uone kama anajua!"

Nikasikia kofi. Halafu kishindo, kitu kizito kimeanguka, na mtoto anapiga mayowe.

Nilipanda ngazi na upawa wa chuma mkononi. Suk-ja alikuwa chini karibu na kabati, sikio linavuja damu. Myong-gu kasimama juu yake, ameinua mkono tena, uso mwekundu kwa supu ya moto ya asubuhi. Nilimpiga na upawa mgongoni, nikampiga tena begani, nikamwita majina ambayo siyarudii mbele ya watoto wenu. Hakurudisha. Alikaa chini, akauangalia mkono wake.

Suk-ja aliinuka peke yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi unaweza kunipiga," alimwambia. "Mwanamke wa kilo arobaini na nane unamweza. Chang-bae huwezi kumtajia namba moja. Sasa nisikilize. Nakupa mpaka sikukuu ya mavuno. Umwambie bei yako kwa mdomo wako, mtu mzima na mtu mzima. La sivyo mimi na mtoto tunakwenda kwa mama yangu kule Tongyong, na usitufuate. Na ukiuinua huo mkono kabla ya hapo, tunaondoka saa hiyo hiyo."

Mimi nilimshauri aondoke palepale. Nilimwambia, mwanangu, ng'o, aliyepiga mara moja ameshajua njia. Alitikisa kichwa. Alimpenda, ndivyo ilivyokuwa, na sikuwa na upawa wa kumpiga nao kwa hilo.

Zilibaki siku kumi na moja. Kila alfajiri nikikata nyama nilimsikia juu anajizoeza. "Kaka, bei yangu ni... Kaka, samahani, kuhusu bei..." Jamani! Mwanamume anayekata kigae kwa jicho bila kupima, anashindwa kumaliza sentensi ya maneno manne. Siku ya nane nikamwambia, "Unataka nikaseme mimi?" Akaona haya. Laiti ningekwenda.

Siku mbili kabla ya sikukuu akaenda. Lakini kwanza alikunywa chupa nzima ya pombe ya soju, saa tatu asubuhi, sijui aliuziwa na nani. Yaliyofuata nimesimuliwa na Pil-do mwenyewe, kwa maana Pil-do alikuwa ameshika kazi kwa Chang-bae kwa ile laki moja na thelathini. Alikuwa na watoto watatu, angefanyaje.

Walikuwa wanajenga upya bafu la umma. Myong-gu alikuwa ameshapiga vigae vya buluu kuzunguka dimbwi la maji moto, siku nne za kazi, na Pil-do anasema ilikuwa kazi ya kumfanya mtu avue viatu mlangoni. Chang-bae alikuwa amesimama hapo na viatu vyake.

"Kaka," Myong-gu akasema, anaangalia chini. "Bei yangu ni laki mbili na nusu. Kama wenzangu."

"Unasemaje? Sikukusikia."

"Laki mbili na nusu kwa siku."

Chang-bae alicheka. Halafu akamzaba kofi. "Nimekunywa na wewe. Nimekuita mdogo wangu mbele za watu. Leo unaniletea bei kama muuza samaki?" Kofi la pili. "Na pombe inakunuka asubuhi yote hii. Shemeji kakutuma, siyo? Mwanamume mzima unafundishwa cha kusema na mke! Piga magoti uombe radhi."

Na alipiga magoti, jamani. Alipiga magoti juu ya vigae vyake mwenyewe. Mafundi wote waliacha kazi wakatazama. Chang-bae akamwekea kiatu shingoni, akamkandamiza mpaka paji la uso, lile lenye kidonda cha bakuli, likagusa sakafu. Kidonda kikafunguka. "Sema tena bei yako," anamwambia. "Sema tena tukusikie."

Alipomwachia, Myong-gu aliona damu yake juu ya kigae. Akakifuta kwa mkono wa shati. Halafu akachukua nyundo akakivunja.

Akavunja cha pili. Akavunja mstari mzima. Hakusema neno, alikuwa anapiga tu, vipande vinaruka, vingine vinamkata yeye mwenyewe usoni. Chang-bae akamrukia kutoka nyuma akamshika kola. Myong-gu akageuka na nyundo ikageuka naye. Ilimpata Chang-bae tayani. Pil-do anasema sauti ya taya ilikuwa ile ile ya kigae. Meno yakamwagika kwenye dimbwi kavu.

Hilo pigo la kwanza Pil-do ameapa mahakamani kwamba halikukusudiwa, na mimi namwamini. Lakini likafuata la pili, kwenye goti, na la tatu, kwenye goti hilo hilo, Chang-bae yuko chini anatambaa. Hayo hakuna wa kuyaapia. Pil-do ndiye aliyemshika mwishowe, akamkumbatia kwa nyuma, wakaanguka wote wawili juu ya vipande.

Myong-gu alihukumiwa miaka mitatu na nusu. Hakimu alimuuliza kuhusu mkataba. Hana. Barua? Hana. Ulimwambia lini bei yako? "Siku ile," akasema. Katika miaka miwili? "Siku ile tu." Wakili wa Chang-bae akasimama akasema hapakuwa na ajira, ndugu wawili walikuwa wanasaidiana.

Halafu likaja suala la hasara. Wakili akasoma karatasi ya madai: vigae vya buluu, gundi, na ufundi wa siku nne, kwa fundi wa daraja la juu kabisa, laki tatu na nusu kwa siku.

Hakimu akainua macho. "Hiyo laki tatu na nusu nani kaipanga?"

Chang-bae alikuwa amekaa na magongo, taya limefungwa kwa nyaya, hawezi kusema. Akaomba kalamu, akaandika, na karani akasoma kwa sauti: "Ndiyo bei ya kazi kama ile. Kwa chini ya hapo hupati mtu."

Nilikuwa nimekaa na Suk-ja benchi la nyuma. Mkoba wake ulikuwa miguuni, tiketi mbili za basi la Tongyong mkononi. Tulimwona Myong-gu anasimama kizimbani. Askari akamvuta akae, hakukaa.

"Kaka," akasema. "Kumbe ulikuwa unaijua."

Chang-bae akaangalia pembeni. Suk-ja akachukua mkoba akatoka, na mwanamume yule hakumwona mkewe akiondoka, maana alikuwa bado anamtazama kaka yake.

FUNZO

Sasa mimi sikusoma, lakini nimewalisha mafundi miaka thelathini na moja, na nasema hivi. Bei ya kazi yako itaje wewe, mapema, mdomo mkavu bila pombe, kabla hujashika mwiko. Usipoitaja, atakuja mwingine ataitaja kwa ajili yako, na atachagua ndogo. Thamani yako wanaijua. Msidanganyike kwamba hawaijui. Wanaijua kuliko wewe, wanangoja tu kuona kama utanyamaza.

Na ukinyamaza huumii peke yako. Ukimya wa fundi hodari ni fimbo ya kumpigia fundi wa kawaida mwenye watoto watatu.

Anayekuita ndugu, mwite ndugu, hakuna ubaya. Lakini mtajie bei siku hiyo hiyo. Ndugu wa kweli atakuuliza kama inakutosha. Akikasirika, umeshamjua, na hujapoteza hata siku moja ya kazi.

La mwisho nalisema kwa sauti wasikie mpaka wa mlangoni. Hasira uliyoshindwa kuipeleka kwa mkubwa wako usiilete nyumbani kwa mkeo. Hakukupangia bei yeye. Na ukingoja mpaka hasira ikusemee, itasema kwa nyundo, na nyundo haijui kujadiliana.

Haya, kuleni, supu inapoa. Na kabla hamjatoka hapa, kila mmoja anitajie bei yake kwa sauti, nione nani ataangalia chini.