Nani Ameharibu Ukurasa wa Damu?

Kila siku, kabla ya kengele ya kwanza, Exaucée alipita kwenye chumba cha kompyuta. Shule yao iko Makomeno, na vumbi jekundu la kiangazi haliheshimu dirisha wala pazia. Alifuta kibodi moja moja kwa kitambaa, akawasha kompyuta kubwa, akatazama kama tovuti ya kilabu inafunguka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo aliipenda kuliko michezo yote.

Tovuti yenyewe ilikuwa ndogo, lakini haikuwa mchezo. Wanafunzi wa kilabu, wakiongozwa na Mwalimu Constantin, waliitengenezea zahanati ya jirani. Watu wazima waliokubali kutoa damu waliandikwa humo: jina, namba ya simu na kundi la damu. Mgonjwa akihitaji damu, muuguzi Maman Olive alichagua kundi, na majina yakatokea.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, simu ya mwalimu ililia katikati ya somo. Sauti ya Maman Olive ilisikika hadi madawati ya mbele.

"Mwalimu, tovuti yenu iko na nini? Ninatafuta bantu ba kundi la O négatif, inaniletea maneno mekundu tu! Kuko mama amezaa sasa hivi, damu inamutoka sana. Ukurasa wa mbele unasema bantu kumi na mmoja biko. Lakini ni banani?"

Mwalimu na wanakilabu walikimbilia chumba cha kompyuta. Kweli, ukurasa wa mbele ulionyesha idadi ya watu wa kila kundi bila shida. Ukurasa wa kutafuta majina ndio uliokataa.

"Kuna mtu ameharibu," alisema Jérémie, mmoja wa wanakilabu. "Na juzi nilimuona Bwalya humu peke yake."

Macho yote yakamgeukia Bwalya. Alikuwa msichana mrefu, mkimya. Wiki iliyopita aliondolewa kwenye kikundi cha kuandika majina kwa sababu alikuwa mzito wa kuchapa, na siku hiyo alitoka akiwa amekunja uso.

"Miye sikugusa kitu," Bwalya alisema. "Nilikuja kujizoeza kuchapa."

"Kujizoeza, na mlango umefungwa?" Jérémie aliuliza.

"Munanicheka kila siku. Ningejizoeza mbele yenu?"

Exaucée alimtazama na hakumwamini hata kidogo. Aliona mambo yote yanaingiana: hasira, mlango uliofungwa, tovuti iliyoharibika. Hata vile Bwalya alivyoficha mikono mgongoni, aliona ni dalili ya hatia.

"Bwalya, kaa nje kwanza," mwalimu alisema. Bwalya akatoka.

Mwalimu aliinama mbele ya kompyuta, akasoma kwa sauti mstari mwekundu ambao hakuna aliyekuwa ameujali: "Hakuna safu inayoitwa *kundi*."

Exaucée aliusoma tena mstari huo.

Jumatatu, yeye mwenyewe ndiye aliyebadilisha jina la safu hiyo, ile sehemu ya orodha inayobeba kundi la damu la kila mtu. Neno "kundi" lilimchosha, maana kilabu nacho kilikuwa na makundi yake. Akaandika "kundi_damu", akaona ni safi zaidi. Hakumwambia mtu. Kisha alirekebisha agizo la kuhesabu watu wa ukurasa wa mbele, lililohifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe, yaani ghala la majina yote, akafungua ukurasa wa mbele, akaona idadi zote ziko sawa, akaenda nyumbani akiimba.

"Si mimi," alijiambia. "Ukurasa wa mbele si unafanya kazi?" Lakini moyo haukutulia. Alikumbuka sasa: ukurasa wa kutafuta hautumii agizo lililohifadhiwa. Una agizo lake, limeandikwa ndani ya ukurasa wenyewe, na bado linauliza safu ya zamani.

Angeweza kukaa kwenye kiti, kubadilisha neno moja na kusema imejitengeneza yenyewe. Nani angejua? Kupitia dirishani alimwona Bwalya ameegemea ukuta, akijifuta uso kwa mkono wa blauzi.

"Mwalimu," alisema. "Bwalya hana kosa. Ni mimi. Nilibadilisha jina la safu Jumatatu, nikaacha ukurasa huu nyuma."

Mwalimu hakugomba. Alisogeza kiti. "Kaa, utengeneze. Mbio."

Dakika tatu zilitosha. Majina kumi na moja yakajitokeza. Maman Olive akaanza kupiga simu. Wa kwanza hakupokea, wa pili alikuwa Kinsevere, mbali sana. Wa tatu, Papa Mbusa, mfanyabiashara anayeleta maharagwe kutoka Kivu Kaskazini, aliacha lori lake likipakuliwa, akafika zahanati kwa pikipiki, vumbi la magunia bado begani. Mama mmoja wa Makomeno, wa nne kwenye orodha, alimfuata, na wote wawili wakatoa damu.

Mchana Maman Olive alikuja shuleni mwenyewe kuleta habari. Mama aliyejifungua alikuwa amefumbua macho na kuomba maji, na mtoto alikuwa ananyonya.

Mwalimu alimwita Bwalya mbele ya kilabu kizima. "Nilikutoa nje bila ushahidi," alisema. "Nisamehe." Exaucée naye aliomba msamaha, akilia. "Umenisikitisha sana," Bwalya alimwambia. "Lakini umesema kweli. Nimekusamehe."

Kisha mwalimu aliwaonyesha kosa la pili. "Agizo moja tuliliandika mahali pawili. Likibadilika hapa, kule linabaki la zamani. Kuanzia leo maagizo yote tutayahifadhi ndani ya hifadhidata, na kurasa zitayaita kutoka huko. Hata hivyo, hiyo haitamsaidia mtu anayebadilisha kitu kimya kimya na kujaribu ukurasa mmoja tu."

Maman Olive, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliitikia kwa kichwa.

"Batoto bangu," alisema, "mukibadilisha kitu, semeni. Mukikosea, semeni mbio, kwa sababu kuko muntu anayengoja. Na mbele ya kumunyoshea mwenzenu kidole, someni kwanza kile kimeandikwa. Leo maneno mekundu yalisema kweli tangu saa ine, na ninyi mulikuwa munatazama uso wa Bwalya."