Jani Lisilo na Jina

Mmenikalia kooni tangu asubuhi, bibi tuhadithie ya Mama Stika, bibi tuhadithie. Nimewaambia mguu unaniuma, mmeniletea mto. Nimewaambia mimi na kompyuta hatusalimiani, mmesema haidhuru. Haya. Anayeogopa aondoke sasa, sitaki kuja kulaumiwa na mama zenu.

Mama Stika alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Chumba cha mbele alikigeuza karakana: meza, kompyuta, na mashine ya kukatia, ndogo kama sanduku la mkate, yenye kisu chembamba kinachotembea juu ya plastiki ya stika, kriii-chk, kriii-chk. Unachokiweka kwenye skrini, yenyewe inakikata. Kadi, maua ya ukutani, majina ya watoto kwenye chupa za maji. Mkono wake ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima. Roho ndiyo iliyoingia kutu.

Mumewe alikufa akamwachia watoto wawili: kijana aliyemzaa mwenyewe, na binti wa mke wa kwanza, ambaye naye alikuwa marehemu. Binti huyo nyumba nzima ilimwita Mkubwa. Mkubwa ndiye aliyemfundisha mama yake wa kambo kushika hiyo kompyuta. Shukrani aliyopewa ni kutolewa chumbani kwake, akaenda kupanga karibu na zahanati anakofanya kazi.

Kijana akaposa. Wakwe wakasema watakuja kuiona nyumba. Mkubwa, na wema wake usio na akili, akachora mti wa ukoo wa kubandika sebuleni, kila jani na jina la mtu wa nyumba ile, akauleta kwenye flashi.

"Mama, zawadi ya mdogo wangu hii. Wewe ingiza tu, ukate."

Mama Stika akaingiza. Sasa mafaili hayo yakiingia yanakuja yamefungwa pamoja kama furushi, hugusi kipande kimoja mpaka ulifungue. Akalifungua. Akalitafuta jani la Mkubwa, akalibofya, akalifuta. Alitaka wakwe waone mtoto mmoja, mrithi mmoja, basi. Lakini tawi likabaki wazi kama ufizi wangu huu, na jicho lake la ufundi likakataa. Akanakili jani jingine, akalifuta jina, akalipachika pale. Jani tupu, katikati ya majina ya watu. Akakata, akabandika ukutani, akarudi nyuma hatua mbili kujisifu.

Angeacha pengo, lingekuwa pengo tu. Yeye aliweka kiti katikati ya ukoo wa watu, akakiacha hakina mwenyewe.

Kesho yake alikata nyota kumi na mbili za mteja. Zikatoka kumi na mbili, na jani moja pembeni. Akaitazama skrini: hakuna jani. Akalitupa. Akakata majina ya watoto wa shule, jani likatoka katikati ya herufi. Akasema faili limeharibika, akafuta kila kitu, akaingiza upya. Jani likaja. Akachomoa waya wa umeme, na kile kisu, bila umeme, kikamalizia kwanza jani lake, taratibu, kriii-chk, ndipo kikatulia. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Siku ya wakwe ilikuwa mchana mweupe. Chai ikamiminwa, kikombe kimoja kikapungua, na watu alikuwa amewahesabu mwenyewe. Mama wa bibi harusi akamwinamia sikioni.

"Mwenzangu, huyu kaka yake bwana harusi mbona hanywi? Anaumwa?"

"Kaka gani?"

"Si huyo aliyekaa chini ya mti wenu? Kanipa mkono. Mkono wa baridi huo, maskini."

Mama Stika akageuka. Aliona kiti, na mto wa kiti umebonyea.

"Ni mtu wa haya," akasema, na sauti haikuwa yake.

Tangu siku hiyo wote walimwona huyo kaka isipokuwa Mama Stika. Mwanawe alicheka sebuleni akiongea na mtu, alisogea kochini kumpisha mtu, na yeye mama amesimama mlangoni na sahani mkononi, anasikia pumzi ya pili humo ndani, nzito, ya mtu aliyeshiba, na ile harufu ya nywele imeshika mapazia, imeshika mashuka, imeshika hata maji ya kunywa.

"Mama," kijana akamwambia siku moja, kwa sauti ya chini, macho yakiwa mbali. "Kaka anasema haji harusini bila jina. Usipompa jina, atachukua langu."

Akakimbilia kwa mganga, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha. Mganga akaja, akafika kizingitini, akapiga chafya, akagoma kuingia.

"Mtoe!" Mama Stika akamnong'oneza. "Unasubiri nini?"

"Nimtoe wapi? Huyu hakuvunja mlango, mama. Umemwandika."

"Sikuandika kitu!"

"Ndiyo hivyo hivyo. Ana nafasi, hana jina. Mpe jina la mtu hai wa ukoo huu, ataondoka nalo. Ila mwenye jina nyumba haitamjua tena, na lazima akubali kwa mdomo wake." Akafuta pua. "Na mimi usiniite tena."

Mnadhani alifikiria kutoa jina lake mwenyewe? Thubutu. Alijifunga khanga vizuri akaenda zahanati. Akamkuta Mkubwa anakunja bandeji.

"Mwanangu, nilikukosea. Nataka kukurudisha kwenye mti. Sema tu umekubali."

"Tangu lini mimi mwanao?"

"Usinihesabie makosa, mwanangu. Sema umekubali."

"Sawa, nitakuja jioni nilibandike jani langu mwenyewe."

"Hapana, usisumbuke! Neno tu linatosha."

Mkubwa akaacha bandeji. Akamsogelea, akanusa bega lake.

"Mbona unanuka nywele zilizoungua? Kuna nani kwenye hilo jani?"

Mama Stika akajifunika bega kwa khanga.

"Sikubali," Mkubwa akasema. "Mwambie mdogo wangu harusini nitakuja."

Basi asubuhi iliyofuata, jani la kijana ukutani lilikuwa limepungukiwa na herufi moja, imebanduka safi kana kwamba haikuwahi kubandikwa, na keshokutwa ikaondoka nyingine, na kila herufi iliyoondoka iliondoka na kitu cha yule mtoto, leo hageuki akiitwa, kesho haijui njia ya chooni kwake, kesho yake anakaa ukingoni mwa kitanda kama nguo iliyotundikwa, amekodoa macho, na ile pumzi ya pili inatoka sasa chumbani kwake, kitandani kwake, juu ya mto wake, mpaka ikafika siku ya kuamkia harusi na jani lina herufi moja tu, nayo imeanza kuinuka pembeni.

Ndipo mama akakaa mbele ya mashine, saa saba mchana, jua linawaka. Nilimsikia ukutani. Alikuwa analia kama mtu anayeng'olewa jino. Akaliingiza faili upya, akalifungua, akaenda kwenye jani tupu, akaandika jina lake yeye.

"Nimekubali," akasema.

Kisu kikaanza bila kuguswa. Alipolibandika jani ukutani kitu kikashusha pumzi ya moto shingoni mwake, mlango ukajifungua wenyewe, na harufu ikatoka kwa mkupuo mmoja kama moshi. Herufi za kijana zikawa zote mahali pake.

Kijana akatoka chumbani anajinyoosha, mzima, macho maangavu. Akamwona mwanamke ameegemea ukuta.

"Shikamoo, fundi. Umemaliza kubandika?"

"Mwanangu, ni mimi."

"Fundi, mimi mama yangu hayupo. Hawakukuambia?"

Sisi majirani tulimwambia, tukachoka. Alitucheka. Harusini aliyesimama mahali pa mama wa bwana harusi alikuwa Mkubwa, amevaa vizuri, amependeza. Na Mkubwa hakuwa kwenye mti ule, kwa hiyo yeye hakusahau kitu. Alipomwona yule mwanamke anapenya katikati ya wageni, amenyoosha mikono kwa mwanawe, alimtazama usoni kwa muda mrefu, mpaka nikadhani atasema.

"Fundi amechoka," akamwambia mdogo wake. "Mwonyesheni mlango wa nyuma."

Wakamwonyesha. Anaishi mtaa wa pili sasa, anakatia watu stika. Mwanawe akimkuta njiani humwamkia kwa heshima zote, kama mtu anavyomwamkia mama wa watu, kisha anaendelea na safari yake.