Amri ya Kuvunja Matuta

Klementina alikuwa na matuta ya duara shamba zima, na bwana shamba alitaka yavunjwe ifikapo Jumatatu.

Ilikuwa mwaka 1976, huko juu Ufipa, karibu na Pito. Kama Wafipa wote, Klementina alifukia majani mabichi ndani ya matuta yaoze. Juu alipanda maharage. Msimu ujao angetawanya udongo ule ulioshiba, apande ulezi. Hicho ndicho chakula cha wanawe wanne.

"Amri ya Serikali," alisema bwana shamba. "Choma majani. Lima mistari."

Siku zile amri zilitembea kwa mdomo, nasi tukatii kwa mgongo. Mwaka uliopita jirani yake, Josefina, alivunja matuta yake. Mvua ikazoa udongo. Akavuna debe moja.

Klementina alikwenda ofisini kwa bwana shamba mara tano, kuomba matuta yaachwe. Kila mara alibeba mayai, akapiga goti, akaambiwa njoo kesho. Alichoshwa na kesho.

Alhamisi mdogo wake, Sebastiani, alifika likizo. Kwa miaka kumi alikuwa akifundisha chuo kikuu, Dar es Salaam, sheria za kutunza ardhi na maji, na sheria zinazoziwekea mipaka ofisi za Serikali.

"Nenda kamwambie yule mtu aache," Klementina alisema.

"Siendi, dada."

"Tumekusomesha mpaka umeota mvi, leo huendi?"

"Nikienda ataniogopa mimi. Nikiondoka, atarudi. Hiyo amri umeiona?"

"Nimeisikia. Masikio ninayo."

"Kuiona, dada. Kwenye karatasi. Nani kaitoa? Kwa sheria ipi? Nyie wakulima mliulizwa lini?"

"Nimuulize ofisa? Niwekwe ndani?"

"Ofisa ana mamlaka aliyopewa na sheria tu. Kuuliza si kosa. Nyie mnapeleka mayai. Mayai yanaliwa. Barua inajibiwa."

Klementina alisonya. Lakini kisomo cha watu wazima alikuwa amemaliza. Aliandika mwenyewe maswali yale, nakala tatu. Josefina akaweka dole gumba. Moja ilikwenda kwa bwana shamba, moja wilayani. Ya tatu karani wa wilaya aliigonga muhuri wa kupokea, Klementina akarudi nayo.

Jumatatu bwana shamba hakuonekana.

Baada ya wiki mbili jibu lilitoka wilayani. Klementina alilisoma kwa sauti: hakuna amri ya kuvunja matuta.

"Rudia hapo," alisema Josefina.

"Hakuna."

"Basi mimi nilivunja ya nini?"

Klementina alichukua majembe mawili, wakaenda shambani kwa Josefina. Wakaanza kuinua matuta upya. Udongo ulikuwa na unyevu bado.