Kengele ya Dirisha Lililozibwa

Magharibi ilikuwa inaingia Lusail, pembeni mwa Doha, na Damaris alikuwa anaosha mchele jikoni, chini ya ardhi. Waajiri wake walikuwa wamesafiri. Nyumba yao ilikuwa ya Kiingereza kwelikweli: ghorofa nne nyembamba za matofali mekundu, zimebomolewa London, kila tofali likapewa namba na kuletwa jangwani. Mwenye pesa si mwenzako. Hata kengele za kuitia watumishi zililetwa, saba, zikapangwa ukutani jikoni.

Vyumba vilikuwa sita.

"Ya saba ni ya lile dirisha la juu lililozibwa," Hamisi, dereva Mzanzibari, alimwambia Damaris siku alipoanza kazi. "Zamani Waingereza walitozwa kodi ya madirisha, wakayaziba kwa matofali. Nyuma yake hamna kitu. Marehemu mama alinifunza, dada'angu: usichokijua kikikuita, usiitikie."

Lakini Damaris alikuja Doha kumtafuta mdogo wake, Carolyne. Carolyne alifanya kazi humu humu hadi Februari, kisha kimya. Waajiri walisema ametoroka. Miezi minne sasa Damaris analala na simu kifuani.

Kengele ya saba ikalia.

Polepole... kisha tena. Ikaja harufu ya masizi, na ya tofali lililonyeshewa. Doha hakukuwa na tone la mvua.

Akapanda ngazi mbio, kisu cha jikoni mkononi, hadi ukuta wa mwisho wa ghorofa ya nne.

"Dama... nifungulie."

"Carol! Niko hapa, niko hapa."

Alichokonoa chokaa huku analia. Tofali moja likatoka. Gizani ukatokea mkono, umevaa bangili ya shanga ambayo Damaris alimsukia Carolyne. Akaudaka.

Ulikuwa baridi.

Simu ikatetemeka. Namba ya Kenya. Akapokea kwa mkono uliobaki.

"Dama, ni mimi, Carol. Niko Busia, nimefika nyumbani leo. Mama ameniambia uko Doha. Tafadhali sema hauko kwa hiyo nyumba."

"Nimekushika mkono," Damaris akasema.

"Si wangu. Hicho kitu kilinishika pia. Kilitaka jina la mtu mwingine. Nikakiachia bangili... na jina lako. Ningekufa, Dama."

Kikulacho ki nguoni mwako. Simu ikamponyoka.

Vidole vikakaza. Bega lake likagonga matofali, shavu likafuata. Alivuta, akaomba, akamtaja Yesu. Mkono haukulegea.

"Jina," ukuta ukanong'ona, kwa sauti ya Carolyne.

Chini mlango ukafunguliwa. "Dada Damaris? Nimekuletea mkate." Hamisi alimletea kila jioni, tangu siku aliyomkuta analia.

Mungu amsamehe.

"Hamisi," akanong'ona.

Mkono ukamwachia. Kule jikoni kengele ikalia. Na ndani ya ukuta sauti ya bibi kizee, ambayo Damaris hakuwahi kuisikia, ikaliita jina hilo kwa upole.

"Naam, mama?" Hamisi akaitika, na nyayo zake zikaanza kupanda ngazi.