Kamera Ilitazama Mawe

Gladness alikuwa mpiga picha wa Mkolani, pembeni mwa jiji la Mwanza. Kila Jumapili alisimama nje ya kanisa, kamera shingoni. Watu walipotoka ibadani aliwapiga picha: watoto waliobatizwa, maharusi, wazee waliovaa suti zao za siku kubwa. Mumewe, Shimba, alikuwa seremala.

Miaka hiyo ya tisini bidhaa za nje zilimwagika Mwanza. Redio, baiskeli, nguo, kila kitu. Kamera pia. Gladness aliuza kamera yake ndogo ya zamani, akanunua kubwa iliyotumika. Lenzi yake ilijizungusha yenyewe, zii, ikitafuta kitu cha kutazama.

"Hii ina akili," Shimba alisema. "Wewe ni kubonyeza tu."

Alikosea, lakini tusimcheke. Hata mwenye kamera alifikiri hivyo hivyo.

Mwezi wa sita mama yake Gladness alitoka Shirati kuja kutibiwa tumbo. Jina lake Mama Akelo. Alilala mtaa wa Mirongo, mjini, kwa mdogo wake, maana Wajaluo wa rika lake hawalali nyumbani kwa mkwe. Mchana mmoja alikuja Mkolani kumsalimia binti yake. Alikuwa amekonda sana. Gauni lilimpwaya mabegani. Gladness alimtazama, akaumia.

"Mama, hatuna picha yako hata moja. Kaa hapo nikupige."

"Peke yangu?" Mama Akelo alikunja uso. "Picha ya mtu peke yake ni ya kuweka juu ya jeneza. Mimi bado nipo. Nipige na mkwe wangu, watu wa nyumbani wamwone."

Shimba alitoa viti viwili, akaviweka nje. Nyuma yao yalikuwapo mawe makubwa ya kilima. Sasa, kwa Wajaluo mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Ni adabu. Kwa hiyo Shimba alisogeza kiti chake mbali. Kati yao mbuzi angepita bila kumgusa mtu.

"Sogeeni kidogo," Gladness alisema.

"Wewe binti, usitutie aibu!" Mama Akelo alijibu. Shimba alitazama chini, akicheka.

Gladness alirudi nyuma mpaka wote wawili wakaenea kwenye kioo cha kuchungulia. Alibonyeza moja kwa moja hadi mwisho, kama alivyozoea kwenye kamera ya zamani. Akabonyeza tena.

"Nimetoka?" Mama Akelo aliuliza.

"Umetoka vizuri, mama."

Hakujua kama ametoka. Alisema tu.

Filamu ilikuwa haijaisha. Filamu ni ghali, na wapiga picha wengi huingoja iishe ndipo waipeleke kusafishwa. Gladness naye akangoja. Mama Akelo alikaa Mirongo siku nyingi baada ya picha ile, kisha akarudi Shirati. Filamu ilikuwa bado haijaisha alipofariki.

Habari ilikuja kwa simu ya duka la jirani. Gladness alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akakumbuka picha. Alitoa filamu kwenye kamera, akaenda mjini haraka. Alitaka sura ya mama yake iwe mbele ya watu siku ya mazishi.

Alikwenda studio moja ya kusafisha picha. Mama aliyeendesha mashine aliitwa Teodora. Alikuwa mtu mzima, na kabla ya mashine alikuwa amepiga picha miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Mama yangu amefariki. Picha yake iko humu."

"Ooh, pole. Pole sana. Kaa hapo."

Teodora aliitanguliza filamu ile mbele ya nyingine zote. Alitoka na picha, akampa. Gladness alizishika. Kushoto palikuwa na mtu, kulia palikuwa na mtu, lakini nyuso zao zilikuwa ukungu mtupu. Macho ya mama yake hayakuonekana.

"Mmeniharibia!" alipiga kelele. "Mashine yenu mbovu! Zisafisheni tena!"

Teodora hakukasirika. Naye alishawahi kufiwa.

"Mwanangu, tazama hapa nyuma. Unaona nini?"

"Mawe."

"Yakoje?"

Gladness alitazama. Kila ufa ulionekana. Hata majani yaliyoota kwenye nyufa yalionekana.

"Kama ni kusafisha, picha nzima ingeharibika," Teodora alisema. "Kama ni mkono kutikisika, hata mawe yangekuwa na ukungu. Kamera yako ni nzima. Ila ilitazama mawe. Hiyo siwezi kuirekebisha. Fokasi, yaani pale lenzi inapolenga, ikikosewa wakati wa kupiga, hakuna mashine ya kuirudisha."

Gladness alikaa sakafuni.

"Itazameje mawe, na mama yangu amekaa pale?"

"Kamera hii inapima katikati. Ukichungulia utaona alama mbili kama mabano. Kilichoko ndani ya mabano ndicho inachokitazama. Nyinyi mliacha nafasi katikati, kwa sababu ya heshima. Kamera haijui habari za mkwe."

Alimwinua, akasema, "Leo si siku ya masomo. Nenda ukamzike mama. Utarudi."

"Nifundishe leo," Gladness alisema, akifuta machozi. "Baba bado yupo. Naye hana picha."

Teodora aliweka stuli mbili mlangoni, mbalimbali. Akakaa kwenye moja.

"Mimi ndiye mama mkwe. Weka mabano usoni kwangu. Bonyeza nusu tu, usimalize."

Lenzi ililia, zii.

"Ndani ya kioo kuna taa ndogo ya kijani. Imewaka?"

"Imewaka."

"Ikipepesa, ujue kamera bado haijaona. Usipige. Ikitulia, usiachie kidole. Shikilia hapo hapo, geuza kamera taratibu mpaka stuli zote mbili ziingie. Haya, malizia."

Gladness akamalizia. "Na nikiachia kidole?"

"Inasahau. Unaanza upya."

"Kuna siku inakataa kabisa. Lenzi haisogei."

"Tazama swichi ya pembeni ya lenzi. Ikiwa kwenye M, lazima uzungushe lenzi kwa mkono. Irudishe kwenye AF, ijitafutie yenyewe. Au umemkaribia mtu mno; rudi nyuma. Au lenzi ina vumbi. Ifute kwa kitambaa laini. Na usiielekeze kwenye ukuta mweupe mtupu, wala gizani. Haioni cha kushika. Tafuta ukosi wa shati, ukingo wa kilemba, kitu kilicho umbali ule ule wa uso."

Gladness alijaribu tena na tena. Teodora alikaa kwenye stuli akingoja, ingawa wateja walikuwa wanaita.

"La mwisho," alisema. "Kamera ukiwa huijui, piga chache, safisha mapema. Usingoje filamu iishe."

Hilo ndilo lililomuuma Gladness kuliko yote. Angeisafisha mapema, angemkuta mama yake Mirongo, angempiga tena.

Mama Akelo alizikwa Shirati. Jeneza lilipita bila picha. Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Ojwang, baba yake Gladness, alimwita.

"Nasikia ulimpiga picha mama yako. Nionyeshe."

Gladness alitaka kusema imepotea. Akaitoa. Mzee aliisogeza karibu na macho, kisha akaiweka mbali, kisha karibu tena.

"Mawe yametoka vizuri," alisema.

"Nilikosea, baba. Nilielekeza kamera katikati, pasipo na mtu."

Mzee alimwacha alie. Alipotulia akamwuliza, "Sasa umejua?"

"Nimejua."

"Basi nipige mimi."

Aliingia ndani, akatoa viti viwili. Aliviweka ukutani, pale yeye na mkewe walipozoea kupukuchua mahindi jioni. Vilikuwa mbalimbali kidogo, maana zamani gunia la mahindi lilikaa katikati. Akakaa kwenye kimoja.

"Baba, nikusogelee nikupige wewe tu?"

"Hapana. Na kiti cha mama yako kiingie."

Gladness aliweka mabano usoni kwa baba yake. Akabonyeza nusu. Machozi yalimsumbua, akayafuta kwa bega, akachungulia tena. Taa ya kijani ilikuwa imetulia. Alishikilia kidole, akageuza kamera taratibu mpaka viti vyote viwili vikaingia. Akamalizia.

Safari hii hakungoja. Aliporudi Mwanza aliipeleka filamu kwa Teodora ikiwa na picha chache tu. Picha ilitoka safi. Mvi za mzee zilionekana. Mikunjo ya macho ilionekana, na kifungo kilichokatika kwenye koti lake. Kando yake palikuwa na kiti kitupu.

Siku hizi wakwe wakikaa mbalimbali, Gladness hawaambii wasogee. Anatafuta uso kwanza, ndipo anageuza kamera. Wateja wanamsifu. Yeye anashukuru tu, hasemi alijifunzaje.

Ile picha aliipeleka Shirati mwenyewe. Mzee Ojwang aliipokea kwa mikono miwili. Alitazama uso wake muda mfupi, halafu akaweka kidole juu ya kile kiti.

"Mama yako hayupo," alisema. "Lakini mtu akiitazama, atauliza aliyekaa hapa alikuwa nani."

Kisha akamtuma mtu akaazime nyundo, waitundike.