Disketi ya Pili ya Generosa

Kila siku alipotoka shuleni, Rebeka Ngassa hakwenda moja kwa moja nyumbani kwao Ngokolo. Alipitia chuo cha ualimu kumsubiri mama yake. Mama yake, Mwalimu Bernadina, alikuwa mkufunzi pale, na ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta. Rebeka alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, kisha akachukua kitambaa kikavu na kupangusa vumbi, maana kiangazi cha Shinyanga hakibagui dirisha lililofungwa na lililo wazi.

Mwaka huo, 1998, chumba kilikuwa na kompyuta nne na chuo kilikuwa na wanachuo zaidi ya mia mbili. Orodha ya zamu ilibandikwa mlangoni, nusu saa kwa kila mtu. Wengi walikuwa hawajawahi kugusa kompyuta kabla ya kuja chuoni, na walichapa kwa kidole kimoja huku wakitafuta herufi kama mtu atafutaye sindano. Kompyuta namba moja iliunganishwa na waya wa simu. Mara mbili kwa wiki Mwalimu Bernadina aliitumia kupokea na kutuma barua pepe, na siku hizo wanachuo walijaa nyuma ya kiti chake kutazama ujumbe ukifika kutoka Dar es Salaam bila bahasha wala stempu. Namba tatu ndiyo pekee iliyokuwa na mashine ya kuchapisha kwenye karatasi. Kila mwanachuo alihifadhi kazi yake katika disketi, kibapa cha plastiki kinachoenea mfuko wa shati.

Ukutani, juu ya swichi, palikuwa na tangazo: DISKETI ZA NJE HAZIRUHUSIWI. Rebeka alilijua vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipaka rangi nyekundu.

Jumatatu moja, rafiki yake Bhumika alikuja shuleni na disketi ndani ya daftari. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ofisi mtaa wa Kambarage, na kaka yake Sanket alikuwa ameileta kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa na mchezo wa mbio za magari. Bhumika alimwazima kwa siku moja, akamsihi asiipinde.

Alasiri hiyo Mwalimu Bernadina aliitwa kwenye kikao cha wakufunzi. Wanachuo walikuwa uwanjani. Rebeka alibaki peke yake na zile kompyuta nne, akachagua namba tatu kwa sababu kioo chake kilikuwa cha rangi. Alicheza kwa dakika ishirini. Gari lake jekundu lilipinduka mara nyingi kuliko lilivyofika. Aliposikia sauti za wakufunzi ukumbini, aliitoa disketi, akafuta kioo kwa kitambaa, akaketi na kitabu chake cha jiografia. Hakuna kilichoonekana kuharibika.

Kesho yake mambo yalikuwa mengine. Aliyetangulia kwenye namba tatu alikuwa Marwa, mwanachuo mrefu kutoka Tarime. Alipofungua kazi yake, badala ya maneno ziliibuka alama zisizosomeka, safu kwa safu. Alidhani amebonyeza vibaya. Akatoa disketi, akairudisha, yakawa yale yale. Akampisha Generosa, aliyekuwa na zamu baada yake.

Generosa alitoka Geita. Kwa miezi mitano alikuwa ametembelea shule nne zilizo jirani na machimbo ya dhahabu, akizungumza na watoto walioacha masomo kwenda kuponda mawe. Alikuwa ameandika kurasa sitini na mbili. Wasahihishaji walitaka kazi zote Jumatatu inayofuata, na asiyewasilisha angerudia mwaka. Aliingiza disketi yake. Sura ya kwanza ikafunguka kwa alama zile zile. Ya pili pia. Generosa aliondoa mikono juu ya kibao cha herufi akaiweka mapajani.

Mwalimu Bernadina alizima mashine, akaiwasha tena, akaijaribu kwa njia zote alizozijua. Mwishowe alisema huenda ni umeme, kwa kuwa wiki nzima ulikuwa ukikatika na kurudi kwa nguvu. Akamuuliza Generosa kama alikuwa na nakala nyingine.

Generosa alijibu kwamba anayo moja, bwenini, ndani ya sanduku. Mwalimu akamwambia akailete waijaribu pale pale kwenye namba tatu, ili wachapishe kurasa zote kabla umeme haujakatika tena.

Generosa akatoka. Bweni lilikuwa nyuma ya jiko, mwendo wa dakika tano kwenda na tano kurudi.

Rebeka alikuwa amesimama karibu na dirisha na kitambaa chake. Alikuwa amemsikia mama yake mara nyingi akiwaeleza wanachuo kwamba disketi ngeni huweza kubeba virusi, na kwamba virusi hivyo huhamia kwenye mashine, kisha kutoka kwenye mashine huingia katika kila disketi inayofuata. Alijua kwamba si umeme. Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Umeme ulikuwa na lawama nyingi tayari, na nyingine moja isingeonekana. Akisema, mama yake angelaumiwa kwa kumwacha peke yake chumbani, na Mkuu wa Chuo, Mwalimu Donatus, hakuwa mtu wa kusamehe upesi. Alipangusa mahali pale pale pa dirisha hadi kioo kikalia.

Generosa alirudi akihema. Disketi ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki. Aliitoa, akavuta kiti, akaielekeza kwenye tundu la mashine.

"Dada Generosa, usiiingize," Rebeka alisema.

Generosa aligeuka. Mwalimu Bernadina naye akageuka.

"Si umeme, mama. Jana niliweka disketi ya mchezo humo. Sikukwambia."

Marwa alimtazama Rebeka, kisha akatazama disketi yake iliyoharibika. Generosa aliirudisha ile ya pili kwenye bahasha na kuishika kwa mikono miwili. Mwalimu Bernadina hakupaza sauti. Alichomoa waya wa namba tatu ukutani, akaandika kwenye karatasi kwamba isiguswe, akaibandika juu ya kioo. Baada ya hapo ndipo alipomtaka Rebeka aeleze yote tangu mwanzo, pamoja na disketi ilikotoka.

Jioni hiyo hiyo alimwandikia barua pepe rafiki yake aliyefundisha kompyuta Dar es Salaam. Simu ilikatika mara tatu kabla ujumbe haujaondoka. Asubuhi jibu lilikuwa limefika. Rafiki yake alivitambua virusi hivyo, akaahidi kutuma kwa basi disketi yenye dawa yake, na akaeleza jinsi ya kufunga disketi isiandikwe kitu: kuna kipande kidogo cha plastiki pembeni, unakisukuma kwa ukucha.

Rebeka alitumwa Kambarage na mama yake kumweleza baba yake Bhumika. Mzee Lalji alimsikiliza akiwa amesimama nyuma ya meza ya duka. Alisema kompyuta yao ilikuwa ikisumbua kwa wiki nzima, naye alikuwa amemlaumu fundi. Akamshukuru kwa kuja, na akamwita Sanket.

Mwalimu Donatus alimpa Mwalimu Bernadina barua ya onyo, naye akaipokea bila kujitetea. Rebeka alikatazwa kugusa kompyuta hadi mwisho wa muhula.

Dawa ilifika Ijumaa. Namba tatu ilisafishwa, disketi ya pili ya Generosa ikaingizwa ikiwa imefungwa, na kurasa sitini na mbili zikatoka moja baada ya nyingine. Generosa alimwambia Rebeka, "Wabeja," kama wasemavyo Wasukuma wakishukuru. Marwa hakuwa na nakala. Alikuwa na daftari aliloandikia mwanzo, lenye mwandiko mbaya. Jumamosi na Jumapili Rebeka aliketi kando yake akimsomea sentensi kwa sentensi, naye akichapa. Siku ya kwanza Marwa hakumsemesha lolote nje ya kazi. Siku ya pili alimgawia muhogo wa kuchoma.

Jumatatu kazi zote mbili ziliwasilishwa. Wakirudi nyumbani, Mwalimu Bernadina alizungumza bila ukali.

"Kuingiza ile disketi lilikuwa kosa, na umeliona. Lakini kunyamaza kungekuwa kosa kubwa zaidi, maana hilo lingemnyima Generosa mwaka mzima. Mtu akikosea, amwambie mapema anayeweza kurekebisha, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

Rebeka alisema kwamba alikuwa amechelewa. Alikuwa amengoja mpaka Generosa akaenda bwenini na kurudi.

"Najua," mama yake alisema. "Dakika kumi. Safari nyingine usingoje hata hizo."