Shimo Nyuma ya Nyumba za Mwisho

Maiti ilionekana saa kumi na mbili na robo asubuhi, imelala kifudifudi kwenye maji yasiyofika hata magotini, nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba mpya. Alikuwa Mpimaji, yule aliyeletwa kukagua ukanda wa kinamasi kati ya mtaa na maji, aseme wapi matete yarudishwe na wapi pasijengwe kabisa. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Koleo lake la kuchimbia halikuonekana.

Wakazi hawakumpa Inspekta nafasi hata ya kuvaa glavu.

"Mkandarasi ndiye kamuua, mama! Jana alasiri alimfokea hapa hapa. Alisema atamzika humu humu!"

Kufika adhuhuri Mkandarasi, aliyejenga nyumba hizo, alikuwa rumande, na mkubwa wa Inspekta alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Mtu kapatikana, kesho asubuhi apandishwe kizimbani, basi. Inspekta alikuwa mama wa makamo asiyependa kuharakishwa, hasa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Kama Mkandarasi hakuua, kesho angeanza kuozea gerezani huku muuaji akinywa chai.

Akarudi ukandani peke yake. Mpimaji alikuwa amechimba mashimo kwa mstari, kila moja upana wa beseni, ili aone rangi ya udongo. Pale ambapo maji hukaa mwaka mzima, udongo wa chini huwa wa kijivu wenye madoa ya kutu. Kila shimo alilomaliza alilifukia kwa adabu: wa kijivu chini, mweusi juu, na nyasi zikarudishwa mahali pake. Ilibidi Inspekta ayatafute kwa macho makali. Shimo la mwisho tu, hatua chache kutoka kwenye maiti, lilijionyesha lenyewe. Udongo wa kijivu ulikuwa juu. Alipofukua alikuta mweusi chini kabisa, pamoja na nyasi zake.

Rumande alimkuta Mkandarasi amejikunyata kwenye benchi.

"Watu wako wakimaliza kazi na shimo, hulifanyaje?"

"Tulifanyeje? Tunaliacha." Mkandarasi alicheka kicheko kikavu. "Mtaa mzima umejaa mashimo yangu, mama. Watu wanatumbukia, wananitukana, maisha yanaendelea."

"Na jana mligombania nini?"

"Alisema safu ya mwisho nimeijenga juu ya kinamasi. Niivunje, na wenye nyumba niwape nyingine kule juu, kwa gharama yangu. Nikamtukana, nikaondoka. Mdomo wangu mchafu, najua. Lakini kuua? Mimi nikiona damu naanguka."

Saa tisa alasiri Inspekta alisimama kando ya Bwana Miche, msimamizi wa upandaji miche ukandani, aliyekuwa akiendelea na kazi kana kwamba hakuna msiba. Alikuwa mpole, mwenye mikono mipana, na alikaa na mkewe kwenye ile safu ya mwisho.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kitaluni, mama, na miche yangu. Peke yangu. Yule marehemu alikuwa kama ndugu yangu."

Huku akizungumza alichimba shimo, udongo mweusi akauweka kulia na wa kijivu kushoto. Akasimamisha mche, akatangulia kusukumia mweusi, wa kijivu akaumalizia juu.

"Mbona mweusi umeuweka chini?"

"Si ndiko mizizi inakokula? Ukiuacha juu unalisha magugu."

"Hufanya hivyo kila mara?"

"Mkono wenyewe umezoea," alisema Bwana Miche, na akatabasamu.

Inspekta aliutazama ule udongo wa kijivu uliobaki juu. Alikuwa ameshaanza kumpenda mtu huyu.

Saa kumi na moja alibisha hodi kwake, konstebo akiwa nyuma yake na koleo mkononi. Mke wa Bwana Miche aliwakaribisha huku akikohoa.

"Koleo la marehemu tumelitoa chini ya magunia ya samadi, kitaluni kwako," Inspekta alisema. "Lakini nilikujua kabla ya hapo. Marehemu aliurudisha udongo kama alivyoukuta. Mkandarasi asingelifukia shimo kabisa. Aliyelifukia lile la mwisho alitanguliza mweusi, kama anayepanda."

Bwana Miche alikaa chini taratibu.

"Alinionyesha ule wa kijivu," alisema. "Akaniambia, ndugu yangu, nyumba hii haina maisha, lazima ivunjwe. Miaka yote tumepanga vyumba vya watu, mke wangu akifukuzwa kama kuku. Nilimwahidi hatahama tena. Koleo lilikuwa pale. Nikalichukua. Baadaye nikataka tu ule udongo usionekane, sijui hata nilivyofukia."

"Ungemwacha amalize, angekwambia mnapewa nyumba nyingine kule juu."

"Uongo!" Bwana Miche aliinuka, konstebo akamshika bega. "Na nani alimtuma aje achimbe nyuma ya nyumba yangu? Nani?"

"Mimi," alisema mkewe.

Mama yule alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka bila sauti.

"Kila alfajiri nafuta maji sakafuni kabla hujaamka, usije ukahuzunika. Kifua kinanimaliza, mume wangu. Nilimwomba apime, atutoe humu. Nikamsihi asikwambie ni mimi."

Bwana Miche akanyosha mbele mikono yake mipana. Konstebo akamfunga pingu.